Ukitaka kununua apareyi ya foto, hesabu kutoka mwisho

Mama mmoja alinisimamisha kwenye mlango wa redio asubuhi ya Jumatatu, mvua ikianza kunyesha. Yeye anatoka upande wa Kirumba, kusini mwa Lubero. Alikimbia mwaka wa 2024 pamoja na watoto 5 na mama yake mzazi, na tangu siku hiyo wanakaa hapa Butembo kwa ndugu wa mume wake. Nilimtambua kwa sababu niliwahi kuwatembelea kwa ajili ya kipindi cha wahami, na siku ile niliwapiga foto. Alinisalimia, kisha akasema: «Mtoto wangu, mama ametuacha. Kesho tunamzika. Tunatafuta foto yake ya kuweka juu ya sanduku, na ni wewe peke yako uliyempiga.»

Nilimwambia: «Pole sana, Mama. Nitaileta leo.» Nilikuwa na hakika. Siku nilipompiga mzee yule nilikuwa na apareyi mpya, ambayo niliwekea akiba zaidi ya mwaka mzima. Pesa yote iliishia kwenye apareyi, na kwa dola chache zilizobaki nilinunua kadi ya memwari kando ya barabara, imeandikwa giga 128, kwa bei ya sahani moja ya chakula. Nilipofika nyumbani nikatia kadi ndani ya kompyuta, jina la foto lilikuwepo, lakini foto yenyewe ilikataa kufunguka. Nilijaribu kwa kompyuta ya rafiki, ikakataa vilevile. Na mimi sikuwa nimefanya nakala.

Kitu kilichotuokoa ni mjukuu wa marehemu. Siku ile ya kipindi aliniomba nimtumie foto moja kwa WhatsApp, nikamtumia. Alikuwa bado nayo kwenye simu yake. Labo ya foto ilijaribu kuitoa kwa ukubwa wa kutundika ukutani, macho ya mzee yakawa kama yamefunikwa na ukungu. Basi tukatoa ile ndogo, sentimita 10 kwa 15, ikatoka vizuri. Ndiyo iliyowekwa juu ya sanduku, na leo imetundikwa kwenye ukuta wa nyumba ambayo si yao.

Ninaeleza aibu hii kwa sababu kila wiki vijana wananiuliza: «Ninunue apareyi gani? Nikon ao Canon? Megapikseli ngapi?» Zamani nilikuwa nikijibu kwa majina na namba. Leo jibu langu ni lingine. Wengi wetu tunanunua kwa kuanzia mbele: kwanza apareyi inayong'aa, halafu kama pesa inabaki, mengine. Ninaona tunakosea. Mtu ahesabu kutoka mwisho. Aulize kwanza: hii foto itaishia mkononi mwa nani? Halafu arudi nyuma hatua kwa hatua: kuitoa kwenye karatasi, kuitunza, kadi, batri, lensi, na apareyi iwe ya mwisho kulipiwa.

Megapikseli si kitu cha kukukosesha usingizi

Tuanze na karatasi, kwa sababu kwa familia nyingi za kwetu ndiko foto inakoishia. Foto ya sentimita 10 kwa 15, ikitolewa vizuri kabisa, inahitaji megapikseli kama 2 tu. Karatasi ya A4 nzima inahitaji karibu 9. Sasa angalia apareyi za okazi zinazofika hapa, nyingi zikipitia Kampala na Kasindi: Canon 1100D ina megapikseli 12, Canon 600D ina 18, Nikon D3100 ina 14, Nikon D3200 ina 24. Zote ni za miaka ya 2010 hadi 2012, na hata ile iliyo chini kuliko zote inatosha kwa A4 bila shida. Muuzaji akikuambia uongeze dola 150 ili upate megapikseli nyingi zaidi, muulize ni ukuta gani utakaotundika foto hiyo.

Wengine wataniuliza: kama ni hivyo, simu si inatosha? Ndiyo, mara nyingi inatosha. Kijana mwenye simu nzuri na asiye na pesa, mimi ninamshauri abaki na simu yake, ajifunze mwaka mzima, pesa aweke. Mchana, nje, mtu akiwa karibu, simu itafanya kazi. Inashindwa mahali pa namna tatu: ndani ya nyumba yenye giza, mbele ya kitu kinachotembea kwa haraka, na kwa mtu aliye mbali. Ile zuumu ya vidole kwenye simu nyingi inakata tu kipande cha foto na kukipanua. Apareyi kubwa inashinda hapo kwa sababu kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa, kama milimita 23 kwa 15, na cha simu ni kidogo mara nyingi kuliko hicho. Kama kazi zako hazipiti mahali pale patatu, hauna deni la kununua apareyi.

Pesa iende kwenye lensi kabla ya apareyi

Apareyi za okazi zinauzwa pamoja na lensi ndogo ya 18-55. Si mbaya mchana. Lakini jioni, ndani ya chumba chenye taa moja, utaona foto zinatoka na ukungu kwa sababu lensi haipokei mwanga wa kutosha. Lensi ya milimita 50 iliyoandikwa 1,8 inaingiza mwanga karibu mara 10 kuliko ile ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, ambako inaishia kwenye 5,6. Ni lensi ndogo, nyepesi, na ni kati ya lensi za bei nafuu kwa Canon na kwa Nikon. Shida yake ni moja: ndani ya nyumba ndogo utagonga mgongo kwenye ukuta kabla watu wote hawajaingia ndani ya foto. Kama unapiga zaidi familia ndani ya nyumba, tafuta ya milimita 35.

Kuna mtego hapo. Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao kama D3100 na D3200, hazina mota ya kuzungusha lensi. Ukinunua lensi ya zamani isiyo na mota yake yenyewe, itaingia vizuri kwenye apareyi, lakini utalazimika kuizungusha kwa mkono kila foto. Kwenye Nikon tafuta herufi AF-S ao AF-P, lakini hizi AF-P zinafanya kazi vizuri na apareyi mpya kuliko zile nilizotaja, kwa hiyo AF-S ndiyo salama. Kwenye Canon za aina ile, lensi za EF na EF-S zinakubali bila neno.

Usilipe kabla haujafanya mambo haya mbele ya muuzaji. Washa tochi ya simu, pitisha mwanga ndani ya lensi: ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu wa kuota, acha. Piga foto ya mbingu nyeupe, kisha ya ukuta mweupe, ukuze kwenye skrini, utafute madoa. Piga foto 50 moja kwa moja uone kama batri inashuka ghafla. Fungua kila mlango mdogo, ingiza kadi, toa, ingiza tena. Na uulize chaja. Apareyi isiyo na chaja yake ni nusu ya apareyi, kwa sababu haichajiwi kwa waya wowote wa simu ulio pale kwenye kibanda cha kuchajia.

Tena kwa hali ya umeme tunayoijua wote, batri mbili ni lazima. Mtu mwenye apareyi ya kawaida na batri mbili atafanya kazi siku nzima ya arusi ao ya msiba. Mwenye apareyi kubwa na batri moja ya uzee atarudi nyumbani saa sita.

Kadi iliyoniangusha

Kadi za uongo zinatengenezwa hivi: ndani kuna giga 8, lakini imefundishwa kusema ni 128. Unapiga foto, majina yanaonekana, kila kitu ni sawa, mpaka zile giga 8 za kweli zinajaa. Kuanzia hapo foto mpya zinaandikwa hewani ao zinafuta za zamani. Haitakuambia. Utajua siku unapozihitaji, kama mimi.

Dawa yake si ngumu. Kwa kompyuta ya Windows kuna programu ndogo ya bure inayoitwa H2testw. Inajaza kadi yote halafu inasoma tena kila kitu na kukuambia ukweli. Usiku mmoja wenye umeme unatosha. Ukikosa kompyuta, jaza kadi kwa video hadi mwisho, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Mimi leo ninatumia kadi mbili za giga 32 zilizopimwa, wala sina hamu ya 128. Kadi moja ikipotea ao ikifa, nusu ya kazi inabaki.

Na nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta ao simu, moja kwenye kle USB, na moja kwa mtu mwingine katika mtaa mwingine. Kle USB yangu inakaa ndani ya mfuko ule wenye kadi ya mchaguzi na diploma. Wahami wanaosoma hapa wanaelewa bila maelezo kwa nini ninaiweka pale.

Programu: usilipe kile ambacho hautaweza kuendelea kulipa

Vijana wengi wanataka Lightroom kwa sababu wameiona kwenye video. Ni programu nzuri, sikatai. Lakini tangu mwaka wa 2017 Adobe iliacha kutoa Lightroom mpya ya kununua mara moja. Leo unalipa mwezi kwa mwezi, kwa kadi ya benki, na inahitaji intaneti mara kwa mara ili ithibitishe kwamba umelipa. Mwezi pesa inapokosa, mlango unafungwa. Wengine wanakimbilia ile iliyovunjwa kufuli, wanayowekewa na rafiki kwa kle. Ninajua kompyuta zaidi ya moja zilizokufa kwa virusi vilivyoingia kwa mlango huo, na foto za watu zikaenda pamoja nazo.

Kuna zile za bure kihalali, ambazo unapakua mara moja na kutumia hata bila mega hata moja. Kwenye simu, Snapseed inatosha kwa mwanga, kukata na kunyoosha. Kwenye kompyuta kuna GIMP, ambayo ipo tangu mwaka wa 1996, kwa kusafisha foto ya zamani iliyochanika. Kwa wanaopiga kwa RAW, yaani faili nzito isiyopikwa, kuna darktable na RawTherapee. Ninasema wazi: darktable inahitaji kompyuta yenye nguvu kidogo. Kama yako ni ya uzee, jaribu RawTherapee, ao piga JPEG kwanza na ujifunze kupata mwanga mzuri pale pale. RAW moja ya apareyi ya megapikseli 24 inaweza kufika megabaiti 20 na zaidi. Kama hauna mahali pa kuitunza, haikusaidii.

Na jambo moja ambalo hakuna programu itakayolitengeneza vizuri baadaye. Watu wetu ni weusi, na mara nyingi wanasimama mbele ya hema jeupe, ukuta wa chokaa ao mbingu. Apareyi inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unatoka kama kivuli. Kabla ya kulaumu apareyi, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, pandisha hadi +1, piga tena. Ao mgeuze mtu, asimame ndani ya mlango akitazama nje. Hiyo ni bure, na inashinda lensi ya dola 500.

Kuna pia zile simu zinazofanya uso kuwa mweupe na laini bila kuulizwa. Zima hiyo kabla ya kumpiga mtu mzima wa heshima. Kwa upande wangu mpaka ni huu: kupandisha mwanga, kukata pembeni, kunyoosha, kuondoa vumbi la lensi, ndiyo. Kubadilisha rangi ya mtu, kufuta mtu aliyekuwepo, kuongeza moshi ili foto ya vita itishe zaidi, hapana. Yule mzee wa Kirumba alikuwa na kovu kwenye shavu. Mjukuu wake aliniuliza kama ningeweza kulifuta kabla ya mazishi. Mama yake akakataa mbele yangu: «Acha. Tutamjuaje bila lile kovu?»

Kwa wale wanaopiga wahami

Simu nyingi zinaandika ndani ya foto mahali ilipopigwa, kwa GPS, hata kama hauoni. Ukiituma kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, mara nyingi maandishi hayo yanaondolewa, na foto yenyewe inapunguzwa. Ukiituma kama dokima, inakwenda nzima, pamoja na mahali. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa na sababu yake ya kutotaka ijulikane anakolala. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, zima mahali, kabla haujaingia katika makao ya wahami. Apareyi nyingi za okazi nilizotaja hazina GPS ndani, na kwa kazi hiyo ninaona ni faida.

Omba ruhusa kwa mkuu wa wahami, halafu kwa mtu mwenyewe, kwa mzazi kama ni mtoto. Usielekeze lensi kwa askari ao kizuizi cha barabara. Na ukiahidi foto, ipeleke. Nimesikia mara nyingi neno hili: «Walikuja, walitupiga, walienda.» Watu wamepigwa foto mara nyingi na hawana hata moja.

Na ninyi familia zilizokimbia, mna haki ya kuomba. Mwambieni anayewapiga: «Tutumie kama dokima, si kama foto tu,» ili mpate ile nzima inayoweza kutoka kwenye karatasi kubwa, na mumwombe azime mahali kwanza. Kama mlibeba foto za zamani za karatasi, zipigeni kwa simu karibu na mlango, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, kisha mtumie ndugu aliye mji mwingine.

Najua kuna atakayesema: watu wanalala njaa, na mtu wa redio anatuletea mambo ya kujifurahisha. Ninaheshimu neno hilo. Lakini mwaka wa 1950, kijana Jean Depara, aliyezaliwa Angola, alinunua apareyi ndogo ya Adox ili apate tu foto za arusi yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kazi ndogondogo, akitengeneza baisikeli. Baadaye mwanamuziki Franco alimchukua kuwa mpiga picha wake, na leo tukitaka kuona jinsi usiku wa Kinshasa ya miaka ile ulivyokuwa, tunaangalia foto zake. Alianza kwa kutaka foto ya nyumbani kwake tu.

Basi kijana, kama una dola 200, usitoe zaidi ya nusu kwa apareyi. Nusu nyingine igawe: lensi, batri ya pili, kadi iliyopimwa, kle USB. Na kabla ya yote, ondoa pembeni franka za kutoa foto 10 kwenye karatasi, uzifunge ndani ya bahasha, uandike juu yake majina ya watu utakaowapelekea. Kama hauna majina ya kuandika, subiri kwanza kununua.

Mimi bahasha yangu ya mwezi huu ina majina 7. La kwanza ni la yule mama wa Kirumba. Nimemwahidi foto ya yeye mwenyewe na watoto wake 5, wakisimama ndani ya mlango, kubwa ya A4. Kadi nimeipima.